Msemaji na Pombe ya Lango

Kwetu Kabuyenge binti haposwi kimya kimya. Pande mbili zinakaa chini ya maturubai, zinatazamana, na kila upande una msemaji wake. Msemaji wa mvulana kazi yake ni kuomba. Msemaji wa binti kazi yake ni kukataa mpaka mbavu za watu zichoke, ndipo atoe. Atasema nyumba hii haijawahi kuzaa binti. Atasema yupo mmoja, ila ni kiziwi. Atawauliza wageni wametoka wapi, wajibu, awaulize tena. Ng'ombe akishatajwa masikio yake yanazibuka, na binti anatolewa ndani akiwa na vazi ambalo mara nyingi nimelishona mimi. Nilikuja huku kwa kuolewa, natoka upande wa Ngara, na mume alipofariki sikuona sababu ya kurudi. Cherehani yangu imenikalisha kwenye harusi nyingi kuliko padri.

Sindambiwe alikuwa mkataaji bora upande wote huu wa Byumba. Mtu mrefu, fimbo nyeusi mkononi, na mdomo ambao mke wake Venantie alisema ungefaa kuachwa upumzike msimu mmoja kama shamba. Walikuwa na ng'ombe wawili, migomba, na ua uliopakana na wangu, kwa hiyo ninayoyasimulia mengi niliyaona na mengine niliyasikia kupitia ukuta wa miti.

Ugonjwa wake ulipoanza, ulimfaa. Sisemi kwa kejeli. Sauti ilikwaruza na kuzama chini, watu wakasema sasa ndiyo sauti ya mzee. Uso ulijaa na macho yakavimba, wakasema anakula vizuri. Akaanza kuzungumza kwa kuvuta, neno moja leo na jingine kesho, wakasema huo ni uzito wa hekima. Alivaa koti jua la saa sita, lakini baridi ya kwetu haina adabu na hakuna aliyeuliza. Na alipoanza kusahau, wakasema hajawahi kuchekesha namna hii.

Nakumbuka harusi moja ambapo aliwauliza wageni wametoka wapi. Wakajibu. Akaketi, akanywa, akainuka na kuwauliza wametoka wapi. Watu wakacheka. Baada ya hotuba ndefu ya upande wa pili, ya ng'ombe na mababu, akainuka mara ya tatu, akawatazama taratibu mmoja mmoja, akasema, "Samahani, hawa ni akina nani, na nani kawaruhusu kukaa?" Mama mmoja alianguka kwenye kiti kwa kicheko. Vijana walirekodi kwa simu. Mwezi uliofuata walimwita mpaka Kigali.

"Siku ile sikuwa natania," aliniambia baadaye, alipoanza kupata nafuu. "Nilisimama nikawa kama mtu aliyeingia chumbani kuchukua kitu, akafika, hajui amefuata nini. Halafu chumba kizima kinampigia makofi."

Nyumbani hakukuwa na makofi. Venantie alimtuma chumvi akarudi na misumari. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha kukamulia, ndoo mapajani, akimtazama ng'ombe aliyemlea tangu ndama, na jina la ng'ombe halimjii. Kwetu kusahau jina la ng'ombe wako ni aibu kuliko kusahau la mkeo. Alilala kama gogo na kuamka amechoka. Ngozi ya mikono ilipasuka kama udongo wa kiangazi, na tumbo likawa gumu.

Venantie alijua moja kwa moja: sumu. Na mlishaji alikuwa Gasarabwe, msemaji wa upande wa waombaji, aliyebishana na mumewe kwenye harusi zote na kunywa naye chungu kimoja, mirija miwili. Alimfuata sokoni na kumwambia mbele za watu.

"Mimi nimlishe Sindambiwe sumu?" Gasarabwe alisema. "Mama, nikishamuua nitabishana na nani? Na wewe?"

"Mlimpa nini, basi? Mbona amekuwa hivi?"

"Amekuwa vipi? Amekuwa bora! Juzi nusura nijikojolee."

Hapo Venantie alirudi nyumbani akalia, kwa sababu aliona kwamba dunia nzima inamcheka mume wake na hakuna anayemwona.

Sasa niseme habari ya Umuhire, kwa kuwa yote yaliishia kwake. Huyu ni binti wa Rutayisire, jirani yetu wa chini, mkulima wa viazi, mtu mpole. Kabla ya haya, kijana wa nyumba ya Munyankindi, mwenye malori, alikuwa amemtaka. Walileta pombe ya lango, ile ya mtama inayotangulia kila kitu. Ikishanywewa, lango la nyumba hiyo limeshikwa na hakuna mwingine wa kubisha hodi. Rutayisire akainywa. Umuhire akamkataa kijana. Alisema kijana anamjibu kabla yeye hajamaliza kuuliza, na hawezi kuishi na mtu wa hivyo. Baba yake alimwelewa. Pombe ikapikwa nyingine, kibuyu kile kile kikajazwa, ikarudishwa kwa heshima na kimya kimya ili binti asichafuke jina. Aliyebebeshwa kazi ya kuirudisha alikuwa Sindambiwe. Alikwenda peke yake, mvua ikinyesha, akarudi akasema, "Imekwisha." Rutayisire hakutaka kujua zaidi.

Baadaye akaja Hitayezu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Rulindo, na Umuhire akapenda. Nilimshonea vazi la rangi ya asali, na alipokuja kulijaribu alikuwa akiimba peke yake mbele ya kioo changu.

Siku ya kuposa Sindambiwe alikaa mbele na koti lake, Gasarabwe akasimama upande wa wageni. Baba wa kijana, Sebatware, mzee mfupi mwenye kofia, alikaa nyuma ya msemaji wake. Mambo yalikwenda vizuri. Sindambiwe alikana kwamba kuna binti. Kisha akakubali. Kisha likaja lile pigo ambalo kila msemaji wa kukataa hulitoa.

"Binti yupo," akasema, "lakini mmechelewa. Keshaposwa."

"Maskini sisi!" Gasarabwe akashika kichwa. "Na nani?"

Hapa ndipo msemaji hubuni. Sindambiwe aliwahi kusema kaposwa na mfalme wa mwezini, akaja kwa ngazi. Aliwahi kusema kaposwa na waziri wa mbu. Safari hii alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilimwona akitafuta. Sisi tukaanza kucheka kabla, kwa mazoea. Kisha uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeokota kitu gizani bila kujua ni nini.

"Na nyumba ya Munyankindi," akasema.

Wageni wakacheka. Kwetu hakuna asiyemjua Munyankindi.

"Munyankindi wa malori!" Gasarabwe akapokea. "Alileta nini huyo? Matairi?"

"Alileta pombe ya lango. Tukainywa."

Wageni wakazidi kucheka. Upande wetu ulikuwa umenyamaza. Sebatware, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alimtazama Rutayisire, na Rutayisire hajui kuficha uso. Mzee akainuka mwenyewe, jambo ambalo baba wa kijana halifanyi.

"Mzee mwenzangu," akamwambia, "ni mchezo huu, au ni kweli?"

"Ni kweli," Rutayisire akasema. "Lakini ilirudishwa. Zamani. Huyu hapa ndiye aliyeirudisha. Sindambiwe, waambie."

Sindambiwe akageuka na fimbo yake, akamtazama.

"Ilirudishwa?" akauliza.

Watu wakacheka tena, mara ya mwisho.

Wageni waliondoka na ng'ombe wao. Hapakuwa na ugomvi. Sebatware alisema tu kwamba habari kama hiyo huambiwi mbele ya wageni, unaambiwa kabla. Alimpelekea mtu Munyankindi kumuuliza. Munyankindi akaapa kwa aliyempa ng'ombe, kiapo ambacho kwetu hakichezewi, kwamba pombe haikurudi, na kwamba yeye anajua lango la Rutayisire bado ni lake, ingawa mwanawe alikuwa ameshaoa mjini. Basi Rutayisire akawa mwongo, Umuhire akawa binti wa milango miwili, na vazi la rangi ya asali likarudi kwenye sanduku langu kwa sababu hakutaka kulala nalo nyumba moja.

Watu wa kilima waligeuka dhidi ya Sindambiwe upesi. Walisema amenunuliwa na Munyankindi. Nami sikuona jinsi ya kuwabishia, maana walikuwa na hoja: mtu aliyesahau kila kitu, amewezaje kukumbuka jina moja tu, lile lile aliloambiwa asilitaje? Kusahau kwake kulifanana mno na kukusudia. Aliyeniuma zaidi ni Venantie, ambaye naye kwa siku kadhaa hakuwa na uhakika.

Umuhire ndiye aliyempeleka kituo cha afya. Si kwa huruma, aliniambia waziwazi. Alikuwa na hasira na alitaka kusikia kwa mtu aliyesomea kama mzee huyu ni mgonjwa au ni mbaya.

Muuguzi aliitwa Clarisse. Venantie alikuwepo, na aliyasimulia mazungumzo yale mpaka tukayajua kwa moyo.

"Mzee, unasikia baridi?"

"Hapa ni Byumba. Nani hasikii?"

"Choo unapata?"

"Binti, hilo ni swali la kumuuliza msemaji?"

"Mama, anapata?"

"Kwa maombi."

Clarisse alimpapasa shingo, akampima mapigo, akamvuta nyusi ambazo ncha zake za nje zilikuwa zimenyonyoka bila sisi kuona. Akawaandikia waende hospitali. Damu ilitolewa, ikapelekwa mbali, ikajibiwa. Daktari aliwaambia kuna tezi ndogo ya shingoni inayoupa mwili mwendo. Ya mzee imechoka. Ikichoka hiyo, vinachoka vyote: moyo, tumbo, ngozi, sauti, na akili inajaa ukungu.

"Kwa hiyo si wazimu," Venantie akasema.

"Si wazimu."

"Si sumu."

"Si sumu, mama."

Kesho yake alimpelekea Gasarabwe maziwa ya mgando, kibuyu kizima, bila kumwambia ni ya nini. Gasarabwe alinywa bila kuuliza.

Dawa ilikuwa kidonge kidogo, kimoja kila asubuhi maisha yote, kwa maji matupu, kabla ya kula, na asiguse maziwa mpaka muda upite. Kumwambia mtu wa kwetu asinywe maziwa anapoamka ni kumwambia asiamke. Lakini hilo lilikuwa dogo. Shida yenyewe kila mtu anaiona: dawa ya kusahau inataka kukumbukwa. Siku nyingine hakumeza, siku nyingine alitaka kumeza mara mbili. Wakagombana. "Umemeza?" "Nimemeza." "Lini?" "Si nimekwambia nimemeza?" Mwisho Venantie akatafuta njia yake. Kila jioni aliweka kidonge kimoja juu ya kifuniko cha ndoo ya kukamulia na gilasi ya maji pembeni. Kidonge kikiwepo, hajameza, kisipokuwepo, kameza, na ndoo haifunguliwi kwa mtu mwenye kidonge juu. Ng'ombe akilia kwa kujaa maziwa, mzee anakumbuka ndoo, na ndoo inamkumbusha kidonge. Makopo yenye vidonge vilivyobaki aliyaficha kwangu.

Hakupona kama taa inavyowaka. Kwanza choo kilifunguka, na hilo Venantie alilitangaza mpaka bondeni. Kisha akavua koti. Asubuhi moja nikamsikia ng'ambo ya ukuta akimwita ng'ombe kwa jina, akirudia, akirudia, mpaka nikadhani kuna balaa. Lilikuwa limemrudia usingizini na alikuwa akiogopa kulinyamazia.

Ukungu ulipopungua, ndipo alipoumia. Kabla ya hapo alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba amevunja sahani ya watu. Sasa aliona ni sahani gani. Alikuja akakaa kwenye banda langu la kushonea, akaliona sanduku, akajua kilichomo.

"Nimemharibia mtoto," akasema. "Nilimwona anatambaa. Nimemharibia."

Nilimwambia alikuwa mgonjwa.

"Mgonjwa ni mimi. Aliyeharibikiwa ni yeye."

Nikaendelea kushona.

Tatizo lilikuwa pombe. Nafuu ilimrudishia mengi, lakini haikumrudishia siku ile ya kibuyu. Rutayisire alikuja, nusura ampigie magoti, mtu mzima.

"Sema tu ulimkabidhi Munyankindi mwenyewe. Mkononi. Nani atabisha? Yeye ataapa, na wewe utaapa."

"Sikumbuki, Rutayisire."

"Maisha yako yote unabuni! Umemwozesha mfalme wa mwezini! Mbunie binti yangu jambo moja tu!"

"Chini ya turubai nabuni kwa sababu kila mtu anajua nabuni," Sindambiwe akasema. "Hili nikilibuni ni uongo." Kisha akaongeza, kwa ile sauti iliyoanza kusafika, "Natamani sana nilibuni. Usidhani sitamani."

Sebatware alisikia habari ya ugonjwa kwa Gasarabwe, na akaja. Alikuja na Gasarabwe na kijana wake Hitayezu, ambaye alikuwa amekonda. Walikaa uani kwa Sindambiwe. Rutayisire alikuja na Umuhire, nami niliitwa kusaidia kuchemsha chai.

"Uwe na makundi ya ng'ombe," Sebatware akasalimu.

"Yawe ya majike," Sindambiwe akajibu.

"Mzee, nataka jambo moja. Niambie ulivyoirudisha pombe."

Sindambiwe akafumba macho. Alisema anakumbuka mvua. Anakumbuka kibuyu kichwani na majani ya mgomba juu yake, na kwamba aliteleza kwenye mikaratusi akajicheka mwenyewe. Anakumbuka geti la bati, la buluu.

"Geti lilifunguliwa?" Sebatware akauliza.

"Hapo pananitoka."

"Alilifungua nani?"

Rutayisire alikuwa akimtazama kwa macho ya kumwombea. Umuhire alikuwa ameangalia chini. Ningekuwa mimi, ningesema jina la kwanza linalonijia, na Mungu angenisamehe.

"Sikumbuki," Sindambiwe akasema.

"Sindambiwe," Gasarabwe akamuuliza taratibu, "huu si mchezo?"

"Mchezo ningekushinda. Unajua."

Hitayezu akashindwa kujizuia. "Baba, mimi nilimtaka Umuhire. Sikutaka pombe."

"Nyamaza. Hujui nyumba inajengwa na nini." Lakini hakusema kwa ukali. Akavua kofia, akaivaa. "Sikiliza, Rutayisire. Pika pombe nyingine. Tutaipeleka pamoja, na huyu mama wa cherehani aje, kwa sababu si wa ukoo wa yeyote. Nitamuuliza Munyankindi mbele ya mzee huyu, uso kwa uso, kama ile ya kwanza ilifika. Akisema haikufika na hakuna wa kumpinga, basi mlinikaribisha kwenye lango la mtu. Mwanangu ataposa kwingine, na hatutasemezana vibaya."

Pombe ilipoiva tukaenda. Sindambiwe alikataa kusaidiwa. Alikibeba kibuyu mwenyewe, akipumzika penye miinuko. Nilitembea nyuma yake. Kwenye mikaratusi alisimama akaitazama njia, kila mti, kisha akatikisa kichwa na kuendelea.

Geti lilikuwa la bati, la buluu. Munyankindi alitoka na ndara miguuni, simu sikioni. Alimaliza kuongea kwanza. Sebatware akamuuliza.

"Nilishasema," Munyankindi akajibu. "Pombe ya kwanza kufika hapa ni hiyo iliyo kichwani kwake. Kabla ya leo, kwa aliyenipa ng'ombe, hakijaingia kitu."

"Mzee, una neno?" Sebatware akamuuliza Sindambiwe.

"Sina."

Rutayisire aligeukia ukuta. Nilidhani ndiyo basi, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi nitakavyolifumua lile vazi niligeuze blauzi.

Hapo akatoka bibi kizee kutoka nyumba ya nyuma, amejifunga blanketi, anatembea kwa kugusa ukuta. Ni mama yake Munyankindi. Alikuwa amesikia harufu ya mtama. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Sindambiwe, akainua uso, akamchunguza.

"Umerudi?" akasema. "Leo hukulowa."

Akainua pua kuelekea kibuyu.

"Na hii mmechuja vizuri? Ile nyingine ilikuwa na makapi, ila haikuwa mbaya."

"Mama!" Munyankindi akasema.

"Nini mama? Hukuwepo. Uliniambia wakija nisipokee. Mtu amelowa mpaka mfupani, ana mzigo kichwani, nimfungie geti? Wazee wako walinifundisha hivyo?"

"Hukuniambia!"

"Ungenikaripia. Tuliinywa mimi na rafiki yangu wa pale juu, marehemu sasa, Mungu ampumzishe. Kibuyu alikichukua rafiki yangu huyo alipoondoka."

Sebatware alicheka mpaka akashika geti. Rutayisire aliketi chini pale pale kwenye tope, akafunika uso, mabega yanatikisika. Hitayezu, ambaye hakuwa ameruhusiwa kuja na alikuwa ametufuata kwa nyuma, tayari alikuwa anapiga simu, na nilisikia sauti ya Umuhire ikiuliza, "Nini? Sema tena. Nini?" Munyankindi aliingia ndani bila kuaga.

Katika furaha yote hiyo, Sindambiwe alikuwa hajatembea hata hatua. Alikuwa anamtazama bibi yule kama unavyomtazama mtu kwenye picha ya watu wengine. Nilisubiri uso wake ufunguke, nikadhani sasa itamrudia. Haikurudi.

"Mama," akasema, "nisamehe. Sikukumbuki kabisa."

"Si kitu, mwanangu. Mimi nakukumbuka."

"Nilisema chochote?"

"Ee! Ulisema vizuri sana. Uliitua pombe, ukajifuta maji usoni, ukasema: 'Mama, tumekuja kufungua tulichofunga. Binti si ngome ya kuzingirwa. Aliyebisha hodi asipofunguliwa, aage kwa wema, ili kesho apite njia ile ile bila kuinamisha kichwa.' Nikamwambia rafiki yangu, huyu mtu mama yake alimnyonyesha vizuri."

Sindambiwe alikitua kibuyu chini.

"Niliyasema mimi hayo?"

"Wewe. Umesimama hapo hapo."

Akasogea karibu naye, akainama ili sikio lifike kwenye mdomo wa bibi.

"Yarudie, mama," akasema. "Polepole."